Woody Hayes au Bo Schembechler: ukilazimika kuchagua kocha mwenye hasira

Ukihamia Ohio au Michigan, hutakaa muda mrefu bila kuulizwa upande wako. Novemba ikielekea ukingoni, mwenzako kazini atataka kujua kama wewe ni wa Ohio State au wa Michigan, timu za vyuo vikuu zinazocheza mpira wa Kimarekani, na ukijibu kwamba hufuatilii mambo hayo, atakupangia upande yeye mwenyewe. Toledo ndiko kwenye moto zaidi. Mji huo uko mpakani kabisa. Mwaka 1835 wanamgambo wa pande hizo mbili walishikiana bunduki wakiugombea, mwishowe Ohio ikauchukua, na leo hii unaweza kupita mtaa mmoja ukakuta nyumba hii ina bendera nyekundu na kijivu, ya jirani buluu na njano.

Vijana hubishana kuhusu matokeo ya mwaka jana. Wazee hawana muda na hayo. Wao wataanza na Woody na Bo, makocha wawili walioshatangulia mbele za haki, kila mmoja mkali kupita kiasi, na ubishi utakuwa ule ule: nani alikuwa mkubwa, na hasira ya nani ilikuwa ya maana. Ukiwa mgeni utasikia majina yakirushwa tu. Kwa hiyo nawaweka hapa wote wawili, upime mwenyewe kabla hujavalishwa jezi.

Kwanza mchezo wenyewe. Katika soka tuliyokulia, kocha akishapanga kikosi anabaki kupiga kelele pembeni na wachezaji wanajifanya hawasikii. Mpira wa Kimarekani hauko hivyo. Timu hupewa nafasi nne za kusogeza mpira yadi 10, na kila nafasi inatoka na amri mpya ya benchi: nani akimbie, apite wapi, nani amzibie njia. Kocha anashiriki katika kila mpira unaochezwa, hivyo akichemka, joto linaingia uwanjani moja kwa moja. Tena msimu ni mfupi. Enzi za hao wazee ulikuwa mechi tisa hadi kumi na moja, na kupoteza moja kulitosha kukuharibia mwaka.

Woody, jina kamili Wayne Woodrow Hayes, alizaliwa Ohio mwaka 1913. Alitumikia jeshi la majini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mpaka akakabidhiwa meli ya kivita aiongoze, na mwaka 1951 akachukua Ohio State, alikokaa hadi mwisho wa 1978. Bo, yaani Glenn Schembechler, naye ni mtoto wa Ohio, mzaliwa wa Barberton, 1929. Na hapo ndipo penye utamu. Bo alikuwa mchezaji wa Woody katika chuo cha Miami kilichoko Ohio (si Miami ya Florida), kisha akawa msaidizi wake Ohio State, halafu mwaka 1969 akavuka mpaka kwenda kuwafundisha watani wa jadi. Ukilinganisha hasira zao unamlinganisha mwalimu na mwanafunzi aliyezisomea kwake.

Kwa vikombe, shabiki wa Michigan ni bora abadilishe mada. Woody aliondoka Ohio State na ushindi mara 205, akafungwa 61 na kutoka sare 10. Ubingwa wa taifa aliupata 1954, 1957 na 1968, ingawa ule wa 1954 na wa 1957 aligawana na timu nyingine, na chuo chenyewe kinahesabu pia 1961 na 1970. Bo alishinda mara 194 pale Michigan, akafungwa 48, sare 5. Kwa wastani huo alikuwa anafungwa mara chache kuliko mwalimu wake, lakini hakuwahi kutwaa ubingwa wa taifa hata mmoja. Mataji ya ligi yao, Big Ten, wamelingana, 13 kwa 13. Rose Bowl, mechi kubwa ya mwaka mpya kule California, ilimtesa Bo: alicheza kumi akashinda mbili. Woody alicheza nane akashinda nne.

Mtu wa Michigan akibanwa hapo, ana jibu moja tu, na ni zito. Kuanzia 1969 hadi 1978 walikutana mara kumi, kipindi ambacho mashabiki hukiita Vita vya Miaka Kumi. Bo alishinda tano, Woody nne, sare moja. Na ile ya kwanza wazee wa Ann Arbor, mji kilipo chuo cha Michigan, hawachoki kuisimulia. Mwaka 1968 Woody alikuwa amewachapa Michigan 50 kwa 14, na huku mechi imeshaisha mkononi mwake bado aliamua kutafuta pointi mbili za ziada badala ya kuchukua ile moja ya kawaida. Bo alipofika akaitumia hiyo namba 50 kama pilipili ya mazoezi. Tarehe 22 Novemba 1969 Ohio State walikuja Ann Arbor wakiwa mabingwa watetezi walioshinda mechi 22 mfululizo. Wakalala 24 kwa 12. Woody alipigwa na mbinu zake mwenyewe: kukimbiza mpira katikati, kugongana, kusogea yadi tatu tatu mpaka mpinzani achoke.

Sasa hasira, ambayo ndiyo tumeijia.

Ya Woody ilikuwa ya kuonekana. Alirarua kofia, alikanyaga saa, alijipiga ngumi usoni mbele ya wachezaji. Inasemekana kofia zenyewe zilikuwa zinachanwa kidogo kwa wembe kabla ya mazoezi ili zikiraruliwa ziachie kirahisi. Kama ni kweli, basi sehemu ya moto ule ulikuwa mchezo wa kuigiza, na wachezaji wakongwe walijua wakati gani mzee anatisha na wakati gani anatishia. Mimi sioni ubaya wa kocha kuigiza. Ubaya ni pale mwigizaji anaposahau kwamba anaigiza, na kwa Woody dalili zilikuwepo miaka mingi kabla.

Mwaka 1971, tena Ann Arbor, Michigan wakiongoza 10 kwa 7, beki wao Thom Darden alinyakua pasi ya Ohio State. Woody aliona mchezaji wake amefanyiwa madhambi na refa amenyamaza. Akaingia uwanjani na kumfokea refa, akala adhabu, halafu akarudi pembeni na kuzivamia alama za kupimia yadi, akazivunja na kuzitupa. Timu yake ilikuwa bado na nafasi finyu ya kusawazisha, na badala ya kocha kutafuta njia, ikaongezewa adhabu. Hasira za mkizi, furaha kwa mvuvi: uwanja mzima wa Michigan ulishangilia. Mwaka 1973 kule Rose Bowl alimsukumia mpiga picha kamera usoni. Mwaka 1977, Ann Arbor kwa mara nyingine, mpira ulimponyoka mchezaji wake dakika mbaya, na Woody akamgeukia mpiga picha wa televisheni ya ABC na kumtwanga ngumi. Michigan walishinda 14 kwa 6. Ligi ikamweka chini ya uangalizi. Chuo chake kilimwacha kazini kama kawaida.

Ndipo ikaja Jacksonville, Florida, usiku wa 29 Desemba 1978, mechi ya Gator Bowl dhidi ya Clemson. Ohio State wako nyuma 17 kwa 15, dakika zimebaki kama mbili, wameshafika karibu na pale wanapoweza kupiga mpira wa pointi tatu na kushinda. Kijana wa mwaka wa kwanza, Art Schlichter, anarusha pasi fupi. Charlie Bauman wa Clemson, jitu la katikati ambalo kazi yake si kudaka mipira, anaidaka. Anakimbia nayo, anasukumwa nje ya mstari, na bahati mbaya anaangukia upande wa benchi la Ohio State. Anapoinuka Woody anamkamata jezi kwa mkono mmoja na wa pili unamtua shingoni. Mzee wa miaka 65 na mwanafunzi wa chuo. Mchezaji wake mwenyewe alijaribu kumzuia, akaanza kupambana naye pia. Watangazaji wa televisheni hawakusema neno, na picha haikurudiwa, lakini nchi ilikuwa imeshaona.

Asubuhi yake kibarua kikaota nyasi. Aliyemfukuza alikuwa mkurugenzi wa michezo, Hugh Hindman, ambaye aliwahi kuwa mchezaji wake na msaidizi wake pia. Hapo mashabiki wa Ohio hugawanyika. Wapo wanaosema alikuwa mgonjwa wa kisukari na moyo, sukari ilipanda, asihukumiwe kwa sekunde tatu baada ya miaka 28. Wapo wanaosema alistahili. Nami niko na hawa wa pili, ila lawama yangu haimuishii yeye. Miaka saba tangu zile alama za Ann Arbor, kila mara alipovuka mpaka waliokuwa juu yake walihesabu ushindi kwanza. Walimsubiri mpaka ngumi ikamfikia mtoto wa watu mbele ya kamera.

Bo alimsihi aombe radhi hadharani. Hakutaka.

Na Bo mwenyewe? Hakuwa mpole hata kidogo. Alirusha vipokea sauti chini, aliwafokea marefa mpaka mishipa ikasimama, na mazoezi yake ya mwaka wa kwanza yaliwakimbiza vijana wengi. Waliobakia waliachiwa bango ukutani: watakaobaki watakuwa mabingwa. Mwili wake ulilipa gharama. Alipata shambulio la moyo mkesha wa Rose Bowl ya kwanza, Januari 1970, akiwa na miaka 40, timu ikacheza bila yeye.

Tofauti ni kwamba hasira ya Bo ilikuwa na anwani. Chukua 1973. Michigan na Ohio State walitoka sare 10 kwa 10, wote hawajafungwa msimu mzima. Wakati huo ligi ilipeleka timu moja tu mechi za mwaka mpya, kwa hiyo wakurugenzi wa michezo wa vyuo kumi walipiga kura. Michigan walidhani wameshachaguliwa, maana Ohio State walikuwa wamekwenda mwaka uliotangulia. Kura zikatoka sita kwa nne, Ohio State. Sababu mojawapo iliyotajwa ni kwamba mpiga pasi wa Michigan, Dennis Franklin, alivunjika mfupa wa bega katika mechi ile. Bo aliwaka, na hakusamehe mpaka kifo. Lakini alichofanya ni kusema, na kusema, na kusema tena, mpaka mwaka 1975 ligi ikabadilisha utaratibu na timu nyingine zikaruhusiwa kwenda kwingine. Vijana wake wa 1972 hadi 1974 walishinda mechi 30, wakafungwa mbili na kutoka sare moja, na hawakucheza mechi hata moja ya mwaka mpya. Ukijua hilo utaelewa kwa nini mzee wa Michigan bado anakunja ndita ukitaja kura.

Mfano wa pili unapendwa zaidi. Mwaka 1989 Bo alikuwa pia mkurugenzi wa michezo. Kocha wa mpira wa kikapu, Bill Frieder, akatangaza siku chache kabla ya mashindano ya taifa kwamba amepata kazi Arizona State. Bo hakutaka kusikia habari ya kumsubiri amalize. Alisema timu ya Michigan itafundishwa na mtu wa Michigan, akampa msaidizi Steve Fisher. Fisher akashinda mechi sita na kurudi na kombe. Hasira ileile, lakini iliyotoka na uamuzi.

Kwa upande wa malezi, watu wa Ohio wana hadithi nyingi za kumtetea mzee wao, na ni za kweli. Woody aliwasukuma wachezaji wamalize shahada, aliwafundisha msamiati na historia ya vita kama wako darasani, alikataa nyongeza za mshahara, alikwenda Vietnam kuwatembelea wanajeshi, na alizunguka hospitali kuwaona wagonjwa bila kuita waandishi. Archie Griffin, mchezaji pekee aliyetwaa mara mbili tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa mpira wa vyuo, 1974 na 1975, alitoka mikononi mwake. Chuo kilichomfukuza kilimwita mwaka 1986 awahutubie wahitimu. Na Machi 1987, akiwa amedhoofika, alisafiri hadi Dayton kwenda kumkaribisha jukwaani Bo, mwanafunzi wake na mpinzani wake. Alifariki siku iliyofuata. Rais wa zamani Richard Nixon alizungumza mazishini.

Ningekuwa naandika haya kabla ya 2021, hapa ningekwambia mchague Bo na tumalize. Kocha mkali asiyepiga mtu, anayejua anamkasirikia nani na kwa nini. Hivyo ndivyo alivyokuwa akiuzwa kwetu, na hivyo ndivyo sanamu yake inavyosimama Ann Arbor mbele ya jengo lenye jina lake.

Mei 2021 ilitoka ripoti ya mawakili waliopewa kazi na Chuo Kikuu cha Michigan kuchunguza daktari wa timu, Robert Anderson, aliyewadhalilisha kingono wanafunzi kwa miongo kadhaa. Ripoti ilieleza kwamba wapo wachezaji waliosema walimwambia Bo. Daktari aliendelea na kazi. Mwezi uliofuata mmoja wa wanawe wa kulea alisema hadharani kwamba naye alidhalilishwa akiwa mtoto, akamweleza baba yake, akaambulia kipigo. Wengine katika familia, na baadhi ya waliofanya kazi naye, walisema Bo wanayemjua wao angemtimua mtu huyo siku hiyohiyo. Marehemu hawezi kujibu. Chuo kilikubali mwaka 2022 kulipa dola milioni 490 kwa watu zaidi ya elfu moja.

Ukisoma hayo, ule mizani wa hasira unageuka. Kumbe swali la kumuuliza kocha mkali si anafoka kiasi gani. Mtu aliyeweza kuitikisa ligi nzima kwa sababu ya kura sita, kama kweli aliambiwa, sauti hiyo ilikwenda wapi? Shabiki wa Ohio asishangilie, maana chuo chake kilikuwa na daktari wake, Richard Strauss, aliyeanza kazi mwaka uleule Woody anaondoka, na uchunguzi wa 2019 ulihesabu wahanga 177.

Basi chaguo langu, nikilazimishwa, linategemea unachagua kwa ajili gani. Ukitaka historia na vikombe vya kumtambia jirani, chukua Woody na usione aibu. Ila ujue Jacksonville itatajwa kila mara, na uwe na jibu bora kuliko kisukari. Ukiwa na mechi moja ya kushinda Jumamosi, na unataka mtu ambaye moto wake hautakugharimu yadi 15 za adhabu, mpe Bo. Rekodi ya ana kwa ana inamtetea. Ukiuliza nani ningemwachia mtoto wangu miaka minne, jibu langu la zamani lilikuwa Bo, na leo si yeye. Ningempeleka kwa Woody, kwa sababu makosa yake yalifanyika mchana kweupe na mtu angeweza kuyazuia, kwa sharti kwamba Hindman awe amekaa pale mlangoni tangu 1971, na awe na ruhusa ya kufukuza.

Kama wote wawili wamekushinda, walio hai wapo. Jim Harbaugh, aliyecheza chini ya Bo, aliirithi ile hasira kwa sehemu kubwa: mwaka 2016 kule Columbus, nyumbani kwa Ohio State, alikula adhabu kwa kuwafokea marefa, akafungwa 30 kwa 27 katika muda wa ziada, na baada ya mechi akaendelea kuwalalamikia. Alileta ubingwa wa taifa Michigan Januari 2024 kisha akaondoka kwenda kwenye timu za kulipwa. Ryan Day wa Ohio State ni wa aina nyingine. Mara moja tu alipandisha mori mbele ya kamera, Septemba 2023 baada ya kuifunga Notre Dame 17 kwa 14, na aliyekuwa anamjibu ni Lou Holtz, mzee aliyekuwa msaidizi wa Woody mwaka 1968. Siku nyingine zote anaongea kama mhasibu. Kwa mashabiki waliolelewa na kofia zilizoraruliwa huo ulikuwa ushahidi wa udhaifu. Alipofungwa na Michigan 13 kwa 10 Novemba 2024, mara ya nne mfululizo, walitaka afungashiwe virago. Hawakumpata. Januari 2025 aliifunga Notre Dame tena, 34 kwa 23, na kombe likaenda Columbus.